Deni la Tonawanda: kampuni ikifilisika, nani mdhamini wake?

Leo sitoandika juu ya Unguja ya zamani wala juu ya mapishi ya harusi. Nataka kuandika juu ya deni. Najua neno hili halipendezi, na wengi wetu tukilisikia tunageuza uso. Lakini mwaka huu nimekuwa na sababu mbili za kulifikiri usiku na mchana. Moja iko hapa hapa Oman, ndani ya nyumba yangu. Ya pili niliikuta mbali sana, katika mji mdogo unaoitwa Tonawanda, kaskazini ya Buffalo, jimbo la New York, Marekani.

Nianze kwa kujieleza kidogo ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Mimi si mwanasheria. Ni karani mstaafu, na umri umepita sabini. Utotoni asubuhi nilikwenda skuli ya misheni na jioni chuoni kusoma Kurani, kama watoto wengi wa pwani wa wakati ule. Padri aliyetufundisha kuandika madaftari alikuwa mkali. Alitwambia kila kinachoandikwa upande wa kushoto lazima kiwe na mwenziwe upande wa kulia, na pande mbili zisipolingana basi ama mtu kakosea ama mtu kaiba. Nilipokuja Oman katika miaka ya sabini, somo hilo ndilo lililonipa kazi. Zaidi ya miaka thelathini nimeinamia madaftari ya watu wengine, nikiandika nani anadai na nani anadaiwa. Kwa hivyo nitakayoyasema hapa ni maneno ya karani.

Visanduku vya mchicha

Binti yangu na mumewe wanaishi Tonawanda. Walipopata mtoto wa tatu nilikwenda kuwaona. Mama yake binti yangu ameshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo babu alisafiri peke yake. Buffalo na vitongoji vyake si ugenini kabisa kwa mtu wa Kiswahili. Ukiingia katika maduka ya upande wa magharibi wa mji utasikia Kiswahili cha Kongo na cha Burundi, na cha Wasomali wa Kibantu, na siku mbili za mwanzo nilidhani nitarudi nyumbani bila ya kusema neno la Kiingereza.

Siku ya tatu nilimkuta binti yangu uani anapanda mchicha na nyanya, lakini si ardhini. Alikuwa ametengeneza visanduku vya mbao na kuvijaza udongo wa mifuko ulionunuliwa dukani. Nikamuuliza, "Mwanangu, ua wote huu una ardhi nyeusi, mbona unanunua udongo?" Akanijibu, "Baba, ardhi ya hapa hatuiamini. Na wajukuu wako usiwaache wachimbe." Kisha akanionesha kwa kidole upande wa mto.

Kando ya Mto Niagara, katika barabara ya River Road, kulikuwa na kiwanda kilichoitwa Tonawanda Coke. Si ile koka ya chupa. Koki hii ni makaa ya mawe yaliyookwa ndani ya tanuru bila ya hewa mpaka yakabaki magumu na yenye moto mkali, yafaayo kuyeyushia chuma. Kiwanda kilianza mwaka 1917. Katika kuoka makaa hutoka gesi na moshi, na ndani yake mna kemikali ya benzeni. Msiichanganye na banzini tunayotia garini. Benzeni inajulikana kusababisha saratani ya damu.

Majirani walilalamika miaka mingi kwa harufu, masizi na maradhi. Baadhi yao wakaanza kupima hewa wenyewe kwa vifaa vya kujitengenezea, vya ndoo na mfuko wa plastiki, na matokeo wakayapeleka serikalini. Jimbo likapima hewa kwa mwaka mzima, 2007 hadi 2008, likakuta benzeni nyingi mno. Mwishoni mwa 2009 wapelelezi wa serikali kuu wakaingia kiwandani. Machi 2013 baraza la wananchi katika mahakama ya Buffalo likaiona kampuni ina hatia kwa makosa 14 ya kuchafua hewa na ya kuweka taka za sumu kinyume cha sheria. Machi 2014 jaji akaihukumu kampuni kulipa faini ya dola milioni 12.5, na juu yake dola milioni 12.2 za kugharimia uchunguzi wa afya za watu na wa hewa na udongo wa mtaa ule. Meneja wa mazingira wa kiwanda alifungwa.

Msomaji atasema: basi, haki imetendeka. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini karani hafungi daftari siku hukumu inaposomwa. Hulifunga siku fedha zinapoingia.

Foleni ya wadai

Kampuni iliendelea kuoka makaa huku ikiwa chini ya uangalizi wa mahakama. Mwaka 2018 ikaonekana tena moshi unatoka kupita kiasi, na jimbo likaanza hatua za kuifutia vibali. Oktoba 2018 kampuni ikatangaza kuwa inafunga. Matanuru yakazimwa, na tarehe 15 ya mwezi ule ule ikawasilisha maombi ya kinga ya ufilisi katika mahakama ya Buffalo, chini ya ile inayoitwa Sura ya 11.

Sura hii ni sehemu ya Sheria ya Ufilisi ya Marekani ya mwaka 1978, na khabari za uchumi haziishi kuitaja, kwa hivyo ni vyema tuielewe. Karani wa mahakama anapoipokea hati tu (na namuonea wivu kidogo kwa uzito wa muhuri wake), wadai wote wanatakiwa wasimame pale walipo. Asipige simu mtu ya kudai, asikamate mtu gari wala mashine, asiendeleze mtu kesi ya madai. Kusudi lake ni jema. Mdaiwa apate pumzi, akae na wadai wake, wapange upya madeni: hili tulipe lote kwa miaka mitano, lile tulipe nusu, lile likatwe. Serikali peke yake ndiyo inayoruhusiwa kuendelea na kazi ya kulinda afya na usalama wa watu. Kusimamia sheria inaruhusiwa, lakini ikitaka fedha inasimama foleni kama wengine.

Na foleni hiyo ina mpango wake. Mbele kabisa yuko mwenye rehani, kwa sababu ameshikilia kitu. Nyuma yake zinakuja gharama za kesi yenyewe, pamoja na ujira wa mawakili. Kisha mishahara ya wafanyakazi mpaka kiwango maalumu, na kodi. Kisha wadai wa kawaida: aliyeuza vipuri, aliyeleta matofali ya tanuru, aliyeshinda kesi ya madhara. Kampuni ikiuzwa yote na kugawiwa, faini za adhabu huja nyuma ya hao. Mwenye hisa ndiye wa mwisho. Tungi likiwa dogo, mtu aliyeko katikati ya foleni hufika akakuta kata inagonga chini.

Sasa niliangalie daftari la Tonawanda Coke kama padri alivyonifundisha. Upande mmoja: kiwanda cha miaka mia moja, mashine chakavu, na kiwanja kikubwa kilicholowa lami na kemikali. Upande wa pili: faini, wadai wa biashara, gharama za kusafisha, na watu wanaotaka kujua kama moshi ule ndio uliowaua jamaa zao. Pande mbili hazikulingana, wala hazikukaribiana. Na Sura ya 11, ambayo kawaida yake ni kumfufua mgonjwa, hapa ilitumika kugawa nguo za maiti, kwa sababu moto ulikuwa umeshazimwa.

Tena, kiwanda cha koki si duka la nguo, kwamba utafunga mlango na kutia kufuli. Yamo mabomba yenye gesi, matangi ya lami, maji machafu yanayotaka kusafishwa kila siku yasije yakaingia mtoni. Wafanyakazi walipoondoka, shirika la serikali kuu la kuhifadhi mazingira, EPA, lililazimika kuingia kwa dharura na kulinda mahali pale kwa fedha za umma. Baadaye kiwanja kikauzwa kwa kampuni nyengine, na mwaka 2020 kikaingizwa katika mpango wa jimbo wa kusafisha ardhi zilizochafuliwa, ambao humrejeshea msafishaji sehemu ya gharama kwa njia ya kupunguziwa kodi. Mwaka 2021 mabomba makubwa ya moshi yaliangushwa kwa baruti.

Deni, ndugu zangu, halifi. Huondoka bega moja likakaa bega jengine. Wenye kodi wa New York wamelibeba pande lake. Muuza vipuri amelibeba lake. Na mama mwenye visanduku vya mchicha analibeba kila anaponunua mfuko wa udongo.

Wakubwa wa mahakama walisemaje?

Jambo hili si jipya, na mahakama kuu ya Marekani imelizungumza mara mbili kwa namna ambayo ukiisoma haraka utadhani inajipinga. Mwaka 1985, katika kesi ya jimbo la Ohio, lile lenye mji mkuu wake Columbus, dhidi ya mtu aitwaye Kovacs, mahakama ilisema kuwa amri ya kusafisha taka, ikishageuka kuwa dai la fedha, ni deni kama madeni mengine, na ufilisi unaweza kulifuta. Mwaka uliofuata, katika kesi ya benki ya Midlantic dhidi ya jimbo la New Jersey, mahakama ikasema msimamizi wa mali ya muflisi hawezi kuitupa tu mali yenye sumu na kuondoka, akavunja sheria za kulinda afya za watu.

Ukizitia kesi mbili hizi katika mizani utaona zinakubaliana. Wajibu wa kutomuumiza jirani unabaki madhali kuna mwenye mali. Ukiugeuza kuwa hesabu ya dola, unakwenda foleni. Ndiyo maana mawakili wa pande zote hugombania neno moja tu: hii ni amri au hili ni dai?

Iko na sheria ya mwaka 1980 inayowafuata hata wamiliki wa zamani wa ardhi iliyotiwa sumu. Kumfuata mtu wa miaka arobaini nyuma ni kazi ya mawakili wengi na miaka mingi. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini mtoto hukua haraka kuliko kesi.

Jirani aliyefilisika akasimama

Nisimdhulumu mtu. Sheria hii inaweza kufanya kazi nzuri, na ushahidi uko Tonawanda kwenyewe, katika River Road hiyo hiyo. Kiko kiwanda cha injini cha General Motors kilichoanza mwaka 1938. Tarehe 1 Juni 2009 General Motors, jabali la viwanda vya Marekani, liliingia mahakamani chini ya Sura ya 11. Wengi walidhani injini zimekwisha. Baada ya siku 40 ikatoka kampuni mpya, nyepesi, na mwaka 2025 ikatangaza kutia dola milioni 888 katika kiwanda kile cha Tonawanda kwa ajili ya injini mpya.

Kwa nini huyu alisimama na yule akazikwa? Wa kwanza alikwenda mahakamani akiwa bado ana wanunuzi, wafanyakazi na kitu cha kuokoa. Pia alikuwa na mjomba tajiri. Serikali ya Marekani ilitia takriban dola bilioni 50, na ilipouza hisa zake zote ilikuwa imepoteza kiasi cha bilioni 11. Hayo nayo ni mabega ya wananchi. Lakini liko jambo moja ambalo nimelipigia mstari. Viwanda vya zamani ambavyo kampuni mpya haikuvitaka havikuachwa vivi hivi. Mwaka 2011 uliundwa mfuko wa amana, ukapewa takriban dola milioni 773 kusafisha na kuuza viwanja 89 katika majimbo mbali mbali. Fedha ya kusafisha ilitengwa mbele, kabla ya foleni kumaliza tungi. Tonawanda Coke haikuacha mfuko kama huo.

Nani anajificha nyuma ya muflisi?

Jambo linalozungumzwa sana sasa katika mahakama hizi ni la watu wanaosimama nyuma ya muflisi. Katika kesi ya kampuni ya dawa ya Purdue, wenye kampuni, ukoo wa Sackler, walikuwa tayari kutoa mabilioni, kwa sharti kwamba wao wenyewe, ambao hawakufilisika, wasishitakiwe tena na yeyote. Tarehe 27 Juni 2024 mahakama kuu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilikataa. Ilisema sheria ya ufilisi haimpi jaji uwezo wa kumfuta mtu deni bila ya ridhaa ya mdai, na huku mtu huyo hakuleta mali yake yote mezani.

Uamuzi huu umegusa Buffalo pia. Dayosisi ya Kikatoliki ya Buffalo iliomba kinga ya Sura ya 11 tarehe 28 Februari 2020, kwa sababu ya mashitaka ya watu waliodhulumiwa utotoni. Baada ya miaka mitano ya mazungumzo, mwaka 2025 yakatangazwa makubaliano ya dola milioni 150, na parokia, hata zile za vitongojini, zikatakiwa zichangie. Mimi niliyefundishwa kusoma na mapadri nimeisoma khabari hii kwa huzuni, na sitoongeza neno ila hili: waliodhulumiwa nao waliwekwa katika orodha ya wadai, wakasubiri.

Ukitazama kwa makini utaona mahakama zote hizi zinauliza swali moja. Anapoanguka mdaiwa, nani mwengine alipe, na kwa ridhaa ya nani?

Owino Uhuru

Kabla hatujawacheka Wamarekani, turudi pwani yetu. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi, nacho kilifanya kazi tangu 2007 mpaka 2014. Watoto wakakutwa na madini hayo ndani ya damu zao, akiwemo mtoto wa Phyllis Omido, mama aliyekuwa akifanya kazi hapo, ambaye baadaye aliongoza madai na kupata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu mwaka 2023, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Sasa angalieni nani aliamriwa kulipa. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa zamani. Kwa hivyo mzigo uligawanywa baina ya makampuni na taasisi za serikali zilizotoa vibali au zilizofumba macho. Kwa maneno mengine, fedha nyingi zitatoka kwa mlipa kodi wa Kenya. Tonawanda na Mombasa ziko mbali sana, lakini madaftari yao yameandikwa kwa mkono mmoja: faida ililiwa na wachache mapema, hasara ikaja baadaye kwa wengi.

Sahihi yangu

Nimesema nina sababu mbili. Sasa niseme ile ya nyumbani, ingawa kalamu inakuwa nzito.

Miaka kadhaa nyuma mtoto wa marehemu kaka yangu alitaka kufungua duka la kushona na kuuza mabuibui. Kijana mtiifu, fundi mzuri. Benki ikataka mdhamini mwenye mshahara au pensheni. Akaja na mkewe, akanibusu mkono, akasema, "Ami, sina mwengine." Mimi niliyekuwa nikiwaonya wengine miaka thelathini, nilitia sahihi bila ya kusoma ukurasa wa pili. Ningemsoma vipi mtoto wa kaka yangu kama mkataba?

Duka lilikwenda vizuri mwaka mmoja. Kisha ikaja korona, kodi ya pango haikusubiri, wateja wakazoea kununua kwa simu. Kijana aliona aibu, akanyamaza. Alikopa huku kulipa kule, mpaka siku moja benki ikanipigia mimi. Deni lililobaki lilikuwa riali 6,000. Tukakubaliana wakate 125 kwa mwezi katika pensheni yangu, miezi 48. Nimeshalipa 19. Zimebaki 29, kama Mungu atanipa uhai.

Sikuandika haya ili nionewe huruma. Nimeandika kwa sababu nilipokuwa nimekaa ua wa Tonawanda, nikiwatazama wajukuu wanacheza juu ya mkeka ili wasiguse ardhi, nilipata fikra ambayo haijaniacha. Mimi ni mdhamini, na ninalipa deni la mwengine. Lakini mimi niliulizwa. Karatasi ililetwa, kalamu nikapewa, sahihi ni yangu. Wale wa River Road hawakuulizwa na mtu, wala watoto wa Owino Uhuru. Wamefanywa wadhamini wa kampuni ambayo hata mlango wake hawakuwahi kuingia. Huo ni udhamini bila ya sahihi, na sijui skuli gani inayofundisha kuuandika katika daftari.

Yanatuhusu nini sisi wa Ghuba?

Nchi zetu hizi nazo zimebadilisha sheria, na wengi wetu bado tunaishi kwa khofu za zamani. Oman ilitoa Sheria ya Ufilisi kwa Amri ya Kifalme namba 53 ya mwaka 2019, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Inampa mfanyabiashara milango mitatu: kupanga upya biashara yake, kusuluhishwa na wadai ili asifike kufilisika, na ufilisi wenyewe. Imarati imekuwa na sheria ya watu binafsi wasiokuwa wafanyabiashara, namba 19 ya mwaka 2019, na sheria mpya ya makampuni, namba 51 ya mwaka 2023, iliyoanza Mei 2024. Tangu Januari 2022 hundi iliyorudi kwa kukosa fedha, mara nyingi, si tena jinai huko. Lakini mwenye hundi anaweza kwenda moja kwa moja kwenye utekelezaji, kwa hivyo msije mkaandika hundi kama mnaandika barua ya mapenzi. Na hapa Oman sote tunaijua Fak Kurba ya Chama cha Mawakili, ambayo tangu 2012 inakusanya michango kuwatoa watu waliofungwa kwa madeni.

Mambo haya yana mizizi ya zamani kuliko mahakama. Kurani, katika Suratul Baqara aya ya 280, inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Mapadri wangu nao walitusomesha kuwa katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 15, kila mwaka wa saba madeni yaliachiliwa. Wote walijua kuwa mtu aliyebanwa na deni mpaka asiweze kufanya kazi hatomfaa hata huyo mdai.

Kwa familia zetu nina maneno manne.

La kwanza, mwenye biashara aende mapema. Sheria za kupanga upya madeni humsaidia aliye na kitu mkononi. General Motors ilikwenda matanuru yakiwa yanawaka. Mtoto wa kaka yangu, kama Tonawanda Coke, alingoja mpaka yamezimika. Angekuja miezi minane kabla, tungezungumza na mwenye duka na benki, na pengine cherehani zingebaki.

La pili, mdhamini asome ukurasa wa pili. Tafuta maneno yanayosema unadaiwa pamoja na mkopaji na pia peke yako. Maana yake benki haina haja ya kumfuata yeye kwanza. Wenye watoto Marekani wajue zaidi ya hayo: ufilisi wa kawaida wa mtu binafsi kule, Sura ya 7, humsamehe mkopaji lakini humuacha mdhamini peke yake mbele ya mdai. Iko Sura ya 13, ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu hadi mitano, ambayo kwa madeni ya matumizi ya nyumbani humkinga na mdhamini mpango unapoendelea. Na madeni ya skuli, matunzo ya watoto na kodi nyingi hayafutiki kirahisi.

La tatu ni kwa vijana wetu wenye magari ya mizigo na maduka ya halali huko Columbus na Buffalo. Tangu Februari 2020 iko njia rahisi ya Sura ya 11 kwa biashara ndogo, isiyo na gharama kubwa za kamati na mawakili. Wakati wa korona ilikuwa wazi kwa mwenye madeni mpaka dola milioni 7.5, lakini Juni 2024 kiwango kilishuka hadi kiasi cha milioni 3. Kwa duka la mtaani bado ni nafasi kubwa. Muulizeni wakili, msimuulize rafiki wa barazani.

La nne si la biashara zetu, ni la nchi zetu, huku Ghuba na kule pwani. Tukiletewa kiwanda tunauliza kitaajiri wangapi. Tuulize na hili, siku ile ile ya kukata utepe: fedha ya kusafisha mahali hapa imewekwa wapi, kwa jina la nani, na nani ana ufunguo? Kama jibu ni kwamba kampuni italipa wakati ukifika, basi ujue karatasi ya udhamini imeshaandikwa, na nafasi ya sahihi imejazwa jina la jirani.

Mwezi uliopita binti yangu alinitumia picha. Mchicha umestawi, visanduku vimekuwa sita. Mtoto wa kaka yangu sasa anashona kwa watu, na kila mwezi mzuri huniletea riali 40 ndani ya bahasha. Haikosi kuandikwa juu yake tarehe na kiasi, kama nilivyomfundisha. Naziingiza katika daftari langu dogo, kushoto na kulia, na tunakunywa kahawa. Dawa ya deni ni kulipa, walisema wazee wetu. Walimsema anayekopa. Huyu wa River Road asiyekopa chochote, bado tunamtafutia dawa yake.